Nusu ya Uthibitisho: Uhakiki wa Mfano wa Madaraja ya Königsberg katika Utangulizi wa Nadharia ya Grafu

Vitabu vingi vya utangulizi wa nadharia ya grafu kwa wanafunzi wa hisabati wa chuo kikuu huanza na mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, na madaraja saba yaliyokuwa juu ya Mto Pregel. Swali ni iwapo mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu. Sehemu hii inahakiki matumizi ya mfano huo. Hoja inayotetewa ni kwamba mfano wenyewe unafaa, ila namna unavyowasilishwa humpa mwanafunzi jibu na kumnyima uthibitisho.

Kasoro ya kwanza inahusu mchoro. Maeneo manne ya nchi kavu hugeuzwa papo hapo kuwa nukta, na madaraja kuwa mistari, kana kwamba Leonhard Euler ndiye aliyechora hivyo. Makala yake, iliyowasilishwa katika Akademia ya St. Petersburg mwaka 1735 na kuchapishwa mwaka 1741, haina mchoro huo. Euler aliyapa maeneo herufi A, B, C na D, kisha akaandika safari kama mfuatano wa herufi. Kuvuka madaraja saba kunahitaji herufi nane. Eneo A, lenye madaraja matano, sharti litajwe mara tatu. B, C na D, yenye matatu kila moja, yatajwe mara mbili mbili. Jumla ni tisa, na nafasi ni nane. Safari haiwezekani. Hesabu hii fupi ikirukwa, mwanafunzi hupokea picha iliyokamilika bila kushuhudia jinsi umbali na umbo la mji vilivyoachwa kando.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kanuni husema kwamba mzunguko unaopita kila mstari mara moja upo iwapo, na iwapo tu, kila nukta inakutanisha idadi shufwa ya mistari. Euler alithibitisha kwamba sharti hilo ni la lazima. Kwamba linatosha, alilitaja bila kulithibitisha. Uthibitisho huo ni wa Carl Hierholzer, uliochapishwa mwaka 1873 baada ya kifo chake. Aidha, kanuni ikitajwa hivyo ina pengo. Pembetatu mbili zisizogusana zina mistari miwili katika kila nukta, lakini hakuna mzunguko mmoja unaozipitia zote. Grafu lazima iwe imeungana.

Hapa ndipo mwanafunzi hupoteza zaidi, kwa kuwa hoja ya Hierholzer humfundisha kujenga. Huanzia nukta yoyote na kufuata mistari ambayo haijatumika hadi kurejea alipoanzia. Mistari ikibaki, huchagua nukta iliyo katika mzunguko wake na yenye mstari uliobaki, hufanya mzunguko mwingine na kuuingiza katika ule wa kwanza. Kwa kuwa mistari ina kikomo, kazi hukamilika.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba utangulizi uanze na herufi za Euler, ufuate mchoro, kisha pembetatu mbili, na umalizie kwa Hierholzer. Mpangilio huu hauongezi kurasa nyingi. Unamzuia mwanafunzi kuondoka akiamini kwamba kuthibitisha kutowezekana kwa jambo katika mji mmoja ni kuthibitisha kuwezekana kwake kwingineko.