Heko kwa Watunzi wa Tamthilia za Nyimbo

Onyesho likiisha, makofi humwendea mwimbaji. Heshima yangu naipeleka kwa aliyeyaandika maneno, nikianza na Oscar Hammerstein wa Marekani. Nyumbani kwake shambani Pennsylvania aliandika akiwa amesimama, na wimbo mmoja ungeweza kumchukua wiki nzima kabla Richard Rodgers hajautia muziki. Ndivyo ilivyopatikana Oklahoma!, mwaka 1943.

Stephen Sondheim, kijana wa jirani mwenye miaka 15, alimpelekea mchezo alioutungia shule yake, akamwomba ausome kana kwamba hamjui. Hammerstein akamwambia ni mbaya kuliko yote aliyowahi kusoma. Angeweza kuishia hapo! Badala yake waliketi alasiri nzima wakiupitia tangu maelezo ya kwanza ya jukwaa. Kisha akampa kazi nne: mchezo autoe kwenye tamthilia anayoipenda, mwingine kwenye tamthilia yenye kasoro, wa tatu kwenye hadithi isiyowahi kuigizwa, na wa nne aubuni mwenyewe. Kazi hizo zilichukua miaka. West Side Story ilipofika Broadway mwaka 1957, mashairi ya nyimbo zake yalikuwa ya Sondheim.

Naye hakuwa mchoyo. Alimlea kisanaa Jonathan Larson, aliyehudumia wateja mgahawani New York huku akitunga Rent, akafariki Januari 1996, siku ile ile ya onyesho lake la kwanza la majaribio mbele ya watazamaji. Lin-Manuel Miranda naye alipata ushauri wake alipokuwa akitunga Hamilton.