Utunzi kama Umiliki: Uhakiki wa Namna George Lucas Alivyoujenga Mfululizo wa Filamu za Star Wars

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna George Lucas alivyoujenga mfululizo wa filamu za Star Wars tangu mwaka 1973 hadi alipouza kampuni yake mwaka 2012. Uhakiki mwingi wa filamu hizo umeegemea visasili vya kale na safari ya shujaa. Makala inadai kwamba mkabala huo unaeleza kwa nini hadithi inaeleweka kwa wepesi, lakini hauelezi jinsi kazi yenyewe ilivyopatikana, wala haujibu swali la nani mwenye haki ya kuibadilisha. Kwa kutumia nadharia ya mwongozaji kama mtunzi, pamoja na uhusiano wa fanani na hadhira katika fasihi simulizi, inaonyeshwa kuwa utunzi wa Lucas ulijidhihirisha zaidi katika mikataba na karakana kuliko katika mswada. Umiliki huo uliikomboa kazi kutoka mikononi mwa studio, kisha ukaiweka hadhira mbali na matini iliyoipokea mwaka 1977.

1.0 Utangulizi

Opera ya anga ni utanzu wa masimulizi ya vita, mapenzi na safari yanayotendeka katika anga za mbali. Kabla ya mwaka 1977 utanzu huo ulihusishwa zaidi na majarida ya bei nafuu, katuni za magazetini na filamu fupi za mfululizo kama Flash Gordon. Lucas, aliyezaliwa Modesto, California, mwaka 1944 na kusomea filamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitaka kwanza kuitengeneza upya Flash Gordon. Alipokosa haki zake, alianza kutunga ulimwengu wake mwenyewe. Mwanzo huu una uzito katika uhakiki: Star Wars ilizaliwa kutokana na hakimiliki iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine, na suala la nani anamiliki nini halikuiacha kamwe.

Nadharia ya mwongozaji kama mtunzi, iliyoasisiwa na wahakiki wa Ufaransa katika miaka ya 1950, inamchukulia mwongozaji kuwa ndiye mwenye sauti kuu katika filamu, hata anapofanya kazi ndani ya mfumo wa studio. Kwa Lucas nadharia hiyo inakutana na kikwazo. Kati ya filamu tatu za mwanzo, aliongoza moja tu. The Empire Strikes Back (1980) iliongozwa na Irvin Kershner, na Return of the Jedi (1983) ikaongozwa na Richard Marquand. Hata hivyo zote huitwa kazi za Lucas. Makala hii inauliza ni kwa maana ipi zinaitwa hivyo, na jina hilo limewagharimu nini wengine.

2.0 Mipaka ya Mkabala wa Visasili

Maelezo yaliyozoeleka yanamtaja Joseph Campbell, ambaye kitabu chake The Hero with a Thousand Faces kilitoka mwaka 1949. Luke Skywalker, kijana wa shambani, anapokea wito, anampata mzee wa kumfunza, anaingia katika ngome ya adui na kurejea akiwa mshindi. Ulinganifu huo upo, na Lucas mwenyewe ameukiri. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya Campbell na mwanahabari Bill Moyers, yaliyorushwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1988, ilirekodiwa katika makazi ya kazi ya Lucas, Skywalker Ranch.

Udhaifu wa mkabala huu ni upana wake. Muundo unaoweza kuoanishwa na karibu kila ngano hauwezi kutofautisha ngano moja na nyingine. Aidha, unafunika mikopo iliyo ya karibu zaidi. Katika filamu ya Akira Kurosawa, The Hidden Fortress (1958), vita vya makabaila vinatazamwa kupitia macho ya wakulima wawili wagomvi. Star Wars inaanza kwa mbinu hiyohiyo: mtazamaji anaingia katika vita vya dola kwa kuwafuata roboti wawili wanaobishana, C-3PO na R2-D2, huku shujaa akichelewa kutokea. Vilevile, kasi ya mapambano ya vyombo vya angani ilipatikana kwa kuunganisha vipande vya filamu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuvitumia kama kielelezo cha picha zitakazotengenezwa. Haya ni maamuzi ya fani yaliyofanywa na watu mahususi kwa vifaa mahususi.

Mkabala wa visasili unafanya pia ionekane kwamba hadithi nzima ilikuwapo tangu mwanzo. Historia ya miswada inaonyesha vinginevyo. Mwandishi Leigh Brackett, aliyefariki mwaka 1978 baada ya kukamilisha rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, aliandika tukio ambamo baba yake Luke anamtokea kama mzuka. Katika rasimu hiyo baba na Darth Vader ni watu wawili. Ufunuo kwamba Vader ndiye baba, ambao leo ni uti wa mgongo wa mfululizo mzima, uliingia katika rasimu zilizofuata, kabla ya Lawrence Kasdan kuukamilisha mswada. Hata anwani ya "Sehemu ya Nne" haikuwamo katika filamu ilipotoka mwaka 1977. Iliongezwa iliporudishwa kumbini mwaka 1981. Mfululizo ulijengwa kwa kurudi nyuma na kuupa mwanzo maana mpya.

3.0 Mkataba kama Tendo la Utunzi

Ili kuelewa ujenzi huo, ni lazima kuanza na jeraha. Studio ya Warner Bros. iliikata filamu ya kwanza ya Lucas, THX 1138 (1971), bila ridhaa yake. Universal nayo ilikata vipande vya American Graffiti (1973). Dakika zilizoondolewa hazikuwa nyingi, lakini funzo lilikuwa wazi: aliyelipa ndiye aliyeshika mkasi.

American Graffiti, iliyogharimu chini ya dola milioni moja, ilipata faida kubwa mno. Wakati huo Lucas alikuwa amekwisha kukubaliana na 20th Century Fox, kupitia Alan Ladd Jr., kuandika na kuongoza Star Wars kwa dola 150,000. Baada ya mafanikio hayo angeweza kudai malipo makubwa zaidi. Badala yake alidai haki ya kutengeneza filamu za mwendelezo na nafasi ya kusimamia bidhaa zitokanazo na filamu. Mwaka huo haki hizo zilionekana za thamani ndogo. Filamu ilipotoka tarehe 25 Mei 1977, katika kumbi zisizofika 50, foleni zilizofuata zilibadili hesabu hiyo. Kampuni ya Kenner, iliyokuwa na leseni ya vinyago, haikuwa imeviandaa kwa wakati. Krismasi ya mwaka huo iliuza bahasha zenye hati ya kupokea vinyago baadaye.

Faida ya bidhaa na filamu, pamoja na mikopo ya benki, ndiyo iliyomwezesha Lucas kugharimia The Empire Strikes Back mwenyewe, huku Fox ikibaki msambazaji. Hapa ndipo maana ya utunzi wake inapodhihirika. Katika mfumo wa Hollywood, uhuru wa msanii kwa kawaida ulitegemea hisani ya studio. Lucas aliugeuza uhuru kuwa kifungu cha mkataba. Kwa mtazamo huu mkataba una uzito sawa na mswada: bila haki za mwendelezo, Vader asingekuwa baba wa mtu yeyote, kwa kuwa kusingekuwa na filamu ya pili iliyo mikononi mwa mtunzi.

4.0 Karakana na Sauti za Wengine

Nguzo ya pili ya ujenzi ilikuwa karakana. Mwaka 1975 Lucas alianzisha Industrial Light & Magic, kwa kuwa Fox ilikuwa imeifunga idara yake ya picha za mbinu maalumu. John Dykstra na wenzake waliunda kamera iliyoendeshwa kwa mitambo ya kielektroniki, iliyoweza kurudia mwendo uleule mara nyingi bila kukosea. Kwa njia hiyo vyombo vidogo vya mfano, vilivyopigwa picha kimoja kimoja, viliweza kuunganishwa katika pambano moja. Kabla ya hapo michoro ya Ralph McQuarrie ilikuwa imewaonyesha wakuu wa studio kile ambacho mswada ulishindwa kukieleza.

Uhariri ulikuwa utunzi wa pili. Toleo la kwanza la mhariri John Jympson liliachwa, na kazi ikaanzwa upya na Paul Hirsch, Richard Chew na Marcia Lucas, aliyekuwa mke wa mwongozaji. Katika pambano la mwisho, hatari kwamba Death Star, ngome ya angani inayolipua sayari, inaikaribia kambi ya waasi ilijengwa kwa kiasi kikubwa katika chumba cha uhariri, kwa kupanga upya picha na kuongeza sauti za matangazo. Taharuki ambayo wahakiki huisifu kuwa ya Lucas ilifumwa na mikono hiyo. Wahariri hao watatu walipata tuzo ya Oscar.

Katika sauti, hali ni hiyohiyo. Darth Vader ni mwili wa David Prowse, sauti ya James Earl Jones na pumzi iliyorekodiwa na Ben Burtt kutoka kifaa cha wapiga mbizi. Mfano wenye uzito wa pekee kwa watafiti wa lugha za Afrika Mashariki uko katika Return of the Jedi: mhusika Nien Nunb, rubani wa sayari ya mbali, anazungumza maneno ya Kikikuyu yaliyotamkwa na mwanafunzi kutoka Kenya. Lugha hai imetumiwa kama sauti ngeni isiyohitaji maana. Dhana ya hadhira iliyofungamana na jambo hilo ni finyu: ilichukuliwa kwamba hakuna msikilizaji atakayeelewa. Kwa hadhira ya Kenya, mgeni wa anga za mbali alikuwa akiongea lugha ya jirani. Karakana iliyokusanya sauti za dunia haikuzipa zote hadhi sawa.

5.0 Matini Isiyotulia

Mwaka 1997 Lucas alitoa upya filamu tatu za mwanzo zikiwa na picha mpya za kompyuta na matukio yaliyobadilishwa. Badiliko lililojadiliwa zaidi linamhusu Han Solo. Mwaka 1977 anampiga risasi Greedo kabla hajashambuliwa. Katika toleo jipya Greedo anatangulia kufyatua. Kimaudhui, badiliko hili dogo linadhoofisha ukuaji wa mhusika. Solo wa kwanza ni mtu wa maslahi, asiyeaminika. Ndiyo maana kurudi kwake katika pambano la mwisho kunashtua. Solo wa pili ni mwema tangu mwanzo, na kurudi kwake kunatarajiwa.

Mtetezi wa Lucas anaweza kusema kwamba msanii ana haki ya kukamilisha kazi yake. Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 1988 Lucas mwenyewe alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani akipinga wamiliki kubadilisha filamu bila ridhaa ya waliozitunga. Kwake hapakuwa na ukinzani, kwani mmiliki na mtunzi walikuwa mtu mmoja. Lakini sehemu ya nne ya makala hii inaonyesha kwamba mtunzi hakuwa mmoja. Uhariri na picha zilizotuzwa Oscar zilibadilishwa kwa amri ya mwenye hakimiliki, kama Warner Bros. ilivyofanya kwa THX 1138.

Fasihi simulizi inasaidia kulifafanua tatizo. Fanani naye hubadilisha ngano kila anapoitamba, na hakuna anayemlaumu. Hata hivyo hadhira yake inabaki na kumbukumbu ya utambaji wa jana, na fanani mwingine yuko huru kuutamba vile ulivyokuwa. Lucas alichukua uhuru wa fanani, lakini akaushikilia kwa nguvu ya hakimiliki ambayo fanani hana. Star Wars iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa nchini Marekani mwaka 1989. Baada ya 1997, toleo lililoheshimiwa hivyo likawa adimu. Mwaka 2006 lilitolewa kama nyongeza ya DVD, kwa picha za ubora hafifu uliorithiwa kutoka teknolojia ya zamani.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba Lucas aliujenga mfululizo wa Star Wars kwa kuunganisha mkataba, karakana na kazi ya watu wengi chini ya jina moja. Mafanikio hayo ni ya kweli: mwongozaji aliyekatwa filamu mbili alipata njia ya kutokatwa tena. Tarehe 30 Oktoba 2012 kampuni ya Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa takribani dola bilioni 4.05. Muhtasari wa hadithi ambao Lucas aliukabidhi kwa ajili ya filamu zijazo haukufuatwa. Kanuni aliyoitumia, kwamba mwenye hakimiliki ndiye mwenye neno la mwisho, ilibaki ikifanya kazi. Aliyebadilika ni mwenye hakimiliki.

Inapendekezwa kwamba watafiti wanaohakiki filamu hizi wataje mwaka wa toleo wanalolirejelea, kwa kuwa hoja kuhusu Han Solo wa 1977 haiwezi kuthibitishwa kwa Han Solo wa 1997. Aidha, mikataba, uhariri na sauti zichunguzwe kama vipengele vya fani, na si kama habari za pembeni za uzalishaji. Uhakiki unaoishia kwenye safari ya shujaa humtaja anayesafiri tu, ilhali waliomtengenezea chombo, sauti na njia wanabaki bila majina.