Mnyama ni Sitara: Watu Wazima na Filamu za Katuni katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Imekuwa desturi ya wahakiki wetu, na hata ya idara zetu, kuziorodhesha ngano za wanyama chini ya fasihi ya watoto. Sungura akishatajwa, mtu mzima hudhaniwa kuwa ameondoka ukumbini. Filamu za katuni nazo zimerithi hukumu hiyo hiyo bila ya rufani. Mwezi wa Juni 2017, Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipovipiga marufuku vipindi sita vya katuni vya kigeni, hoja iliyotangulizwa ilikuwa ni kuwalinda watoto. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza watu wazima huvitazamia nini vipindi vya namna ile.

Swali hilo lafaa kuulizwa. Yeyote aingiaye majumbani jioni, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, atakuta mbele ya runinga si watoto peke yao bali na shangazi, na babu, na baba mwenye nyumba ambaye amejifanya anasoma gazeti. Filamu ikiwa ya katuni ya kuchekesha, hakuna anayeinuka. Ikiwa ni ya mapenzi ya watu wa kweli, baba hukohoa, kisha mtu hubadilisha stesheni au mkubwa mmoja hukumbuka shughuli jikoni. Madai ya makala haya yamo katika tofauti ya jioni mbili hizo.

Yako maelezo mawili ambayo husikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba mtu mzima hutazama katuni kwa kuwa amechoka na maisha, akarejea utotoni kupumzika. Hili halihitaji kutuchelewesha. Anayecheka katika nyumba hizo hacheki kama mtoto. Mara nyingi hucheka mahali ambapo mtoto amenyamaza.

La pili lina uzito zaidi, nami nililisikia sana nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo. Husemwa kwamba watengenezaji wa Marekani, wakijua kuwa mzazi ndiye alipaye tiketi, hupachika ndani ya filamu mizaha ya siri: dokezo la filamu kongwe, jina la mtu mashuhuri, neno lenye maana mbili. Mtoto hupewa ghorofa ya chini na mzazi ghorofa ya juu. Kwa hadhira ya huko maelezo haya yanatosha. Kwa hadhira ya Malindi hayatoshi hata kidogo, kwa sababu mizaha hiyo ya siri ndiyo hasa inayopotea njiani. Bibi wa Takaungu hakuiona filamu kongwe inayodokezwa, wala hamjui mtu mashuhuri anayekejeliwa, na pengine Kiingereza chenyewe hakisikii. Hata hivyo anacheka. Anacheka nini?

Tunadai kwamba anacheka kilekile alichokicheka katika ngano, na kwa ruhusa ileile. Katika jamii za pwani hii, Waswahili na Wamijikenda pamoja, uhusiano wa mzazi na mwana umejengwa juu ya heshima na haya. Yako mambo ambayo baba hawezi kuyataja mbele ya binti yake: posa iliyoharibika, mume anayepigwa, mke anayedanganya, tamaa. Uhusiano wa babu na mjukuu, kinyume chake, ni wa utani: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na wa kike humwita mke mwenzangu, na hakuna anayeona ajabu. Lakini nyumba haina mabibi na wajukuu tu. Wote hao huketi ukumbi mmoja, na yanapotajwa mambo ya unyumba lazima pawe na pazia. Pazia hilo ni mnyama. Simba akiposa, hakuna baba aliyevunjiwa heshima. Fisi akisalitiwa na mkewe, hakuna mkwe wa kumtazama jicho. Mnyama ni sitara. Haifichi kinachosemwa, kwani kila mkubwa anakifahamu. Inawasitiri wanaosikiliza, wasilazimike kuonyesha kwamba wamefahamu.

Mfano bora nilio nao ni kisa cha punda wa dobi, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Kisa hicho kimewekwa ndani ya kingine, cha kima na papa, ambacho ukoo wake unafika hadi Bara Hindi. Simba ametoka ugonjwani, amekonda, hana nguvu ya kuwinda. Sungura anamwendea punda aliyemtoroka dobi akanenepa msituni, na hamwiti kwenye karamu wala malishoni. Anampelekea posa. Simba, asema, ataka kumwoa. Punda anafurahi na kwenda. Simba anamrukia, anamparura, na punda anaponyoka kwa mateke. Baada ya siku kadhaa sungura anarudi tena kumwita. Punda analalamika kwamba alikwaruzwa na ameogopa. Sungura anamtuliza kwamba ile ndiyo desturi ya simba katika mazungumzo yake. Punda anakwenda mara ya pili, na hiyo ndiyo ya mwisho. Sungura anaula moyo na masikio ya punda, kisha anamweleza simba kwamba mnyama yule hakuwa na viungo hivyo kabisa: angekuwa navyo, angerudi?

Mtoto hucheka mwisho, kwenye masikio. Mkubwa amekwisha kucheka zamani, kwenye lile la mikwaruzo kuwa ni mazungumzo. Maana kila ukumbi una mwanamke aliyewahi kuambiwa na wasuluhishi kwamba mumewe ana moyo mwema, ila ndiyo tabia yake, arudi tu. Kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Msimulizi hakukipachika kwa ajili ya mlipa tiketi. Ndicho kisa chenyewe, na cha masikio ndicho nyongeza.

Sasa tuitazame Shrek, filamu ya mwaka 2001 iliyotwaa Oscar ya kwanza kabisa ya filamu ndefu za katuni mwaka uliofuata. Wahakiki wa kwao wameisifu kwa tashtiti yake juu ya hekaya za Ulaya, za binti mfalme na ngome. Kwa mtazamaji wa pwani tashtiti hiyo ni ya ugomvi wa jirani. Lakini ndani ya filamu yumo punda, na punda huyo anakutana na joka lenye moto kinywani. Amebanwa, hana pa kukimbilia, basi anaanza kulisifu: meno yake ni meupe, yanang'aa. Mara anatambua kwamba joka lile ni jike, na sifa zinaongezeka. Joka linalainika na kumpenda, na tokea hapo punda ndiye mwenye kuhangaika. Filamu ya pili, ya mwaka 2004, inamalizikia kwa watoto waliowazaa.

Punda na mla nyama, sifa na posa: mtu aliyelelewa kwa kisa cha punda wa dobi hahitaji kufasiriwa. Tofauti ni kwamba hapa punda ana moyo na masikio, na anaufahamu ulimi wa sungura kiasi cha kuutumia mwenyewe. Katika nyumba moja ya Mambrui nilimsikia bibi, baada ya kuelezwa na mjukuu wake kwamba wale wawili sasa ni mtu na mkewe, akiuliza, "Na mahari alitoa nani?" Kijana akamjibu, "Bibi, hii ni katuni tu." "Na hao katuni hawana wazee, mume wangu?" Baba wa yule kijana alicheka hadi akatoka nje. Kwa haya asingeweza kuliuliza swali lile yeye, wala mwanawe asingeweza kumwuliza.

Yafaa tuangalie pia jinsi lugha ilivyofanya kazi hapo. Wafasiri wa vibanda vya video, ambao DJ Afro ndiye maarufu kuliko wote nchini Kenya, hujulikana zaidi kwa filamu za mapigano. Katuni huachiwa nyumba, na mfasiri wake ni mtoto, ambaye Kiingereza amekipata shuleni. Mtoto hutoa maneno na bibi hutoa maana. Katika ngano mwenye maneno ni mkubwa. Hapa mambo yamegeuka, na sitara imeongezeka maradufu, kwa kuwa jambo zito linapita katika kinywa cha yule asiyelijua.

Sitara hii ina mipaka, na The Lion King ya mwaka 1994 ndiyo inayoionyesha. Watengenezaji wake waliazima Kiswahili kama mtu anayeazima kanga ya kutundika ukutani: Simba, Rafiki, Pumbaa. Jina la Pumbaa huchekesha pwani kuliko mahali pengine popote, na kwa sababu isiyohitaji ufafanuzi. Kuhusu ile kaulimbiu ya hakuna matata, ambayo kampuni ya Disney iliisajili Marekani kuwa alama yake ya biashara, mkazi wa Malindi huiacha kwa watalii. Yeye husema hakuna shida, au hapana neno. Lakini katika fisi watatu wa filamu hiyo, kiongozi wao anaitwa Shenzi. Mtu mzima wa pwani hawezi kulisikia neno hilo kama jina tu. Walilitumia walioitwa waungwana wa miji kuwaita watu wa bara yao, kisha walowezi wakawaita hivyo wote, waungwana na wasio waungwana. Katika mji kama Malindi, ambao mashamba yake ya karne ya kumi na tisa yalilimwa na watumwa, neno hilo huwakumbusha watu nyumba zao.

Kisha fisi mwenyewe. Wagiriama wana kiapo cha fisi. Na mwaka 1913, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walipowakusanya watu Kaya Fungo kuyapinga madai ya Waingereza, hicho ndicho walichoapishwa wanaume. Mzee wa Kaloleni anayemwona fisi akifanywa mpumbavu hana budi kucheka kwa tahadhari. Pazia lipo, ila limefumwa na watu wasiojua nyuma yake amesimama nani.

Ile The Lion King ya mwaka 2019 ilikosea kwa njia nyingine. Wanyama wake walitengenezwa kwa kompyuta wafanane na wa mbugani, unywele kwa unywele. Simba wa mbugani hana nyusi za kukonyeza. Uso uliochorwa kwa kutiwa chumvi ndio unaomruhusu mtazamaji kumwona shemeji yake ndani ya nguruwe. Ukiufanya wa kweli, amebaki nguruwe. Nimeitazama mara mbili pamoja na watu wazima, nao walisifu mandhari. Mandhari husifiwa panapokosekana kicheko.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kazi zetu wenyewe. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ina wanyama wazuri wa rangi. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na sina neno baya la kuisema katika kazi hiyo. Lakini zote mbili zilizaliwa ndani ya kasha la watoto. Zimemchukua mnyama wa ngano na kuiacha posa yake. Shangazi akiingia chumbani wakati wa kipindi, hupita.

Lawama hiyo si ya wachoraji. Wanatusoma sisi. Mwanafunzi wangu mmoja aliyetumwa Magarini kurekodi ngano alimwomba msimulizi, kwa adabu na kwa maneno ya kitabu chetu cha mwongozo, amsimulie hadithi za watoto. Alipewa kisa cha punda wa dobi kwa dakika nne, na ndani yake simba anamwalika punda chakula. Nilimrudisha aende usiku, aketi na nyumba nzima, asiseme ni hadithi za nani. Kanda ya pili ina dakika kumi na tisa. Posa imo, na mikwaruzo imo, na baada ya lile neno la mazungumzo ya simba kuna kicheko cha wanawake kirefu mno hata msimulizi ikambidi angoje.