Mkono Unaoachia Breki

Watu wakitazama mbio za pikipiki husifu ujasiri. Dereva kalala kwenye kona, goti linasugua lami, injini inalia, na mtazamaji anasema huyu haogopi kufa. Mimi naona sifa hiyo inamdhulumu. Mwenye ujasiri mtupu hadumu katika mchezo huu. Huanguka mpaka fedha za vipuri zinamwishia, la sivyo hupitwa na mtu mtulivu aliyetumia Ijumaa nzima kujifunza namna ya kuachia breki.

Uwanja ninaouzungumzia ni Brands Hatch, Kent, kusini mashariki mwa London. Ni bonde lililozungukwa na miinuko, hivyo mtazamaji mmoja akisimama pazuri anaweza kuona karibu njia yote. Waendesha baiskeli na pikipiki walianza kushindana hapo miaka ya 1920, kwenye nyasi. Lami iliwekwa mwaka 1950. Hadi 1954 watu walizunguka kinyume cha saa, kisha kikaongezwa kipande cha kupanda mlima hadi kona ya Druids na mwelekeo wote ukageuzwa. Njia fupi ya uwanja huo, inayoitwa Indy, haifiki kilomita 2, na dereva wa klabu mwenye pikipiki nzuri huimaliza kwa chini ya dakika moja.

Wanaokuja siku za klabu ni mafundi bomba, walimu, madereva wa malori, wauguzi. Mojawapo ya klabu zinazowaandalia mbio hizo, British Motor Cycle Racing Club, ilianzishwa mwaka 1909 na ipo hadi leo. Hakuna anayelipwa, wao ndio wanaolipa. Ada ya kushiriki ni yao, matairi ni yao, petroli ni yao, na bodi za plastiki zinazovunjika wakianguka ni zao pia. Mshindi hupewa kikombe kidogo, akakiweka kwenye kabati nyumbani, na Jumatatu asubuhi yuko kazini.

Kabla ya yeyote kuingia njiani kuna ukaguzi, na hapo ndipo ufundi unapoanza kuonekana. Tazama bolti moja tu, ile iliyo chini ya injini, ya kumwagia oili. Kwenye gereji ya mtaani hukazwa kwa spana, ikapanguswa kwa kitambaa, kazi ikaisha. Hapa kichwa chake lazima kitobolewe tundu jembamba kwa drili, kazi inayovunja ncha za drili za wasio na subira. Waya wa chuma kisichoshika kutu, usiofika unene wa milimita moja, hupitishwa tunduni. Ncha zake mbili husokotwa pamoja kwa koleo, zikabana na kulingana, kisha hufungwa kwenye sehemu isiyosogea. Waya sharti uvute upande wa kukaza. Ukiusokota ukapendeza kisha ukaufunga upande wa kulegeza, umeipamba bolti tu. Mkaguzi haulizi maswali mengi. Huusukuma kwa kidole, akaenda kwenye kifuniko cha oili, akaenda kwenye chujio, akavuta kishikio cha mafuta na kukiachia aone kama kinarudi chenyewe.

Ukali huo una sababu. Oili ikimwagika kwenye kona, anayeanguka ni anayefuata nyuma, ambaye hakukosa lolote. Kwa sababu hiyo hiyo plastiki ya chini ya injini hutengenezwa iweze kukinga oili injini ikipasuka, na rejeta hutiwa maji matupu. Dawa ya kuzuia maji yasigande hairuhusiwi, kwa maana huteleza na kuiosha kwenye lami ni taabu. Kuna mambo mengine pia, kipimo cha kelele, kofia yenye muhuri, suti ya ngozi isiyochanika, lakini kwangu huo waya ndio unaosema yote. Mtu hukaa jikoni kwake usiku wa Alhamisi akisokota waya kwa ajili ya usalama wa mpinzani wake.

Halafu kuna matairi. Tairi la mbio ni laini, nalo likiwa baridi halina maana. Kwa hiyo kabla ya kutoka hufunikwa kwa blanketi la umeme mpaka lifike kama nyuzi 80. Upepo hupimwa likiwa na moto, ukapimwa tena dereva anaporudi, namba zikaandikwa daftarini pamoja na joto la lami na hali ya anga. Wageni hudhani daftari ni la wataalamu wenye timu kubwa. Ukweli ni kwamba mtu asiye na fundi, aliyekuja na pikipiki nyuma ya gari la mizigo, analihitaji zaidi, kwani hana mwingine wa kumkumbushia. Anaporudi hulisoma tairi lenyewe. Mpira uliochanika vipande vyenye kingo kali unamweleza jambo moja kuhusu upepo na springi, na ule uliosuguka sawasawa unamweleza jingine.

Ijumaa ni ya mazoezi, nayo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Hakuna nafasi ya kugombea. Kuna kona chache tu na mtu anayezirudia. Ya kwanza, Paddock Hill, ndiyo inayomtenga fundi na mwanafunzi. Inakata kulia na huku inatumbukia bondeni, na anayeingia haoni inakoishia. Lazima ajue mahali pa kuelekeza pikipiki kabla macho hayajapaona.

Sasa fikiria mkono wa kulia. Mkono huo mmoja una kazi mbili: kiganja kinazungusha kishikio cha mafuta na vidole viwili vimelala juu ya leva ya breki ya mbele. Dereva anafika mwisho wa njia iliyonyooka, anafunga mafuta, anainuka kifua ili upepo umsaidie kupunguza mwendo, na vidole vinaanza kubana. Havinyakui. Vinabana kidogo kwanza, uzito wa pikipiki uhamie mbele na tairi lilalie lami vizuri, ndipo vinaongeza nguvu. Foki zinazama. Zikizama, pembe ya usukani inasimama zaidi na umbali kati ya magurudumu unapungua, na pikipiki katika hali hiyo hukubali kugeuka upesi.

Hapo mwanafunzi huachia breki yote kwa mkupuo kisha akalala. Foki zinaruka juu, tairi la mbele linapoteza uzito uliokuwa ukiligandisha, na pikipiki inakwenda pana, nje ya mstari. Akiogopa, hubana tena akiwa amelala, na hilo ndilo anguko lenyewe. Mwenye ujuzi huachia kidogo kidogo huku akilala kidogo kidogo. Tairi lina uwezo wa kushika lami kwa kiasi maalumu na si zaidi. Kinachotumika kwa breki hakipatikani kwa kona. Kila anapoongeza ulalo hupunguza breki kwa kadiri ileile, mpaka leva inarudi mahali pake sawasawa na wakati goti linapogusa. Kutoka kubana mpaka kuachia ni sekunde chache, na mtu huweza kutumia misimu mitatu akizitengeneza.

Hata kulala kwenyewe kuna siri. Pikipiki iliyo kwenye mwendo hailazwi kwa kugeuza usukani upande wa kona. Kwenda kulia, unasukuma hendeli ya kulia mbele. Kila dereva wa bodaboda kutoka Mwanza hadi Mombasa hufanya hivyo bila kuambiwa. Tofauti ni kwamba dereva wa mbio anajua anafanya, na anajua kusukuma kiasi gani.

Njia hii ina hila nyingine. Kona zake nyingi hukata kulia, na za kushoto ni mbili tu: Graham Hill na Surtees. Upande wa kulia wa tairi unafanya kazi mzunguko mzima, upande wa kushoto unapigwa na hewa. Dereva anapomaliza Surtees hatauhitaji tena upande huo mpaka apite McLaren, apinde kona ndefu ya Clearways, ashuke Paddock Hill na kupanda Druids. Akifika Graham Hill, kwenye mteremko, anaulaza upande ambao umekuwa ukipoa muda wote huo. Asubuhi yenye baridi, mzunguko wa kwanza au wa pili, ndipo suti mpya za ngozi hupata mikwaruzo yake. Anayejua hupaingia kwa adabu na kusubiri mpaka tairi limkubali.

Kona hizo za kushoto ndizo zinazofafanua jambo linalowashangaza wengi, kwamba pikipiki nyingi za mbio zina gia zilizogeuzwa. Gia ya kwanza huwekwa kwa kuinua, nyingine zote kwa kukanyaga. Leva ya gia iko kushoto, na pikipiki ikiwa imelala kushoto hakuna nafasi ya kuingiza kidole cha mguu chini yake. Kukanyaga kutoka juu kunawezekana. Ni badiliko dogo, la dakika chache kwa spana, na bila shaka lilibuniwa na mtu aliyewahi kusuguliwa buti.

Jina la Surtees, kwa njia, linastahili kona hiyo. John Surtees alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 500 mwaka 1956, kisha 1958, 1959 na 1960, kisha akawa bingwa wa Formula One mwaka 1964 akiwa na Ferrari. Hakuna mwingine aliyeshinda ubingwa wa dunia wa juu kabisa wa magurudumu mawili na wa manne. Alikulia katika familia yenye duka la pikipiki, na sifa yake moja ilikuwa kutaka kujua kila nati ya chombo alichokipanda. Wale wanaosokota waya jikoni ni ndugu zake zaidi kuliko wanavyodhani.

Jumamosi na Jumapili ni za kupangwa kwa muda na za mbio zenyewe. Mbio za klabu ni mizunguko michache, hivyo baada ya kazi ya wiki nzima mtu hushindana kwa dakika kumi au chini yake. Mvua ikitishia, kila aliye kwenye mahema hutazama juu, na kila mmoja huamua peke yake kama atafunga matairi ya mvua au la. Wapo watakaokosea, na hakuna wa kulaumiwa. Taa zikizimika, klachi huachiwa kwa ulaini ule ule wa breki, maana anayeiachia kwa pupa gurudumu la mbele linainuka naye anabaki akitazama migongo. Wageni katika mchezo huvaa fulana ya rangi ya chungwa ili wengine wawape nafasi, na baada ya kukusanya sahihi za kutosha za mbio walizomaliza salama hupandishwa daraja. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni kumaliza salama. Nadhani hilo ni kanuni nzuri kuliko nyingi tulizojiwekea kwenye barabara za kawaida.

Jioni pikipiki zilizoanguka hurudishwa kwa gari. Hapo utaona mtu akitoa leva ya klachi kwenye sanduku lake na kumpa aliyempita asubuhi ile ile, bila hotuba, kisha anarudi kupima upepo.

Ukipata nafasi ya kufika Kent siku ya klabu, nenda. Kiingilio huwa nafuu kuliko siku za mashindano makubwa, na kwa kawaida unaruhusiwa kutembea kati ya mahema na kuwatazama wakifanya kazi. Mbio zikianza usikae kwenye mstari wa kumalizia. Simama Paddock Hill. Pikipiki hizi hazina taa za breki, hivyo tazama foki za mbele. Kwa mgeni huruka juu ghafla anapoingia kona. Kwa fundi huinuka taratibu, na huwezi kusema ni lini hasa mkono wake umemaliza kuachia.