Chuma kilichotoroka nyota za Perseus

Mwezi Januari, mnamo saa mbili usiku, anayesimama Handeni au Korogwe akaelekea kaskazini huwa na kundi la galaksi la Perseus mbele yake, karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Liko juu kiasi kwamba hata milima ya Usambara haimzibii mtu wa Korogwe. Jicho tupu halilioni, maana mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni 200 kutufikia. Hata hivyo, huko ndiko kulikotoka kipimo kilichowalazimisha wanafalaki kuandika upya hesabu ya maisha ya nyota ndani ya galaksi. Chombo kilichokipima kilirushwa kutoka baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kilomita 300 na ushei kutoka Korogwe kwa mstari ulionyooka.

Ili kuona uzito wa kipimo hicho, tuanze na tatizo lenyewe. Nyota za galaksi ya mbali hazihesabiki moja moja. Kinachotufikia ni mwanga wa mabilioni ya nyota uliochanganyika, na ukitawanywa kwa rangi zake unatoa spektra moja tu, yenye mistari ya giza pale ambapo atomu za hidrojeni, magnesi, chuma na nyinginezo zimefyonza mwanga. Kutokana na mchirizi huo mmoja unatakiwa kusema nyota zilizaliwa lini, ngapi kwa kila uzito, na katika gesi yenye elementi nzito kiasi gani. Kurudi nyuma moja kwa moja, kutoka spektra hadi historia, haiwezekani, kwa sababu historia nyingi tofauti huzaa spektra zinazofanana. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa kwenda mbele: unabuni historia, unakokotoa spektra ambayo historia hiyo ingetoa leo, unailinganisha na iliyopimwa, unarekebisha, unarudia.

Aliyeisimamisha njia hii kama fani ni Beatrice Tinsley, mwanafalaki aliyekulia New Zealand, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Texas. Alianza na mgawanyo wa nyota kwa uzito wakati wa kuzaliwa, ambao Edwin Salpeter aliuchapisha mwaka 1955: kila inapozaliwa nyota moja nzito, huzaliwa nyepesi nyingi mno. Akaongeza muda wa maisha. Nyota kama Jua huishi miaka bilioni 10 hivi, lakini yenye uzito wa Jua mara 10 hufa kabla haijatimiza miaka milioni 30 au karibu na hapo. Kisha akaiacha galaksi yake ya hesabu iishi hatua kwa hatua. Nyota zinazokufa hurudisha gesi iliyotajirishwa, kizazi kinachofuata huzaliwa na elementi nzito zaidi, na rangi ya galaksi nzima hubadilika. Wengi walikuwa wakizichukulia galaksi kubwa kama taa zenye mwanga usiobadilika, zinazofaa kupimia umbali wa ulimwengu. Tinsley alionyesha kwamba taa hizo zinazeeka.

Njia hii ina shimo linalojulikana. Galaksi ikiwa nyekundu, huenda nyota zake ni nzee, au huenda zina elementi nzito nyingi. Mwaka 1994 Guy Worthey alionyesha kwamba kuzidisha umri mara 3 hubadilisha rangi karibu sawa na kuzidisha elementi nzito mara 2. Kinachosaidia ni mistari yenyewe: ile ya hidrojeni, hasa ule wa nanomita 486, huitikia zaidi umri; ya magnesi na chuma huitikia zaidi wingi wa elementi nzito. Ukiipima yote kwa pamoja, mambo mawili yaliyoshikana huanza kuachana.

Lakini hata hapo unachosoma ni kile kilichobaki ndani ya nyota. Ni sawa na kukadiria jani lote la mkonge lililovunwa Korogwe kwa kutazama marobota ya singa ghalani: singa ni sehemu ndogo ya jani, na sehemu kubwa iliyopita kwenye mashine ya korona imekwenda na maji mferejini. Modeli rahisi zaidi za wakati wa Tinsley ziliichukulia galaksi kama sanduku lililofungwa, lisilopoteza gesi. Mwanga wa nyota peke yake usingeweza kuwaumbua waliofanya hivyo.

Jibu lilitoka kwenye eksirei. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliinuka kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa baharini na Waitalia chini ya Luigi Broglio. Ilibeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru. Setilaiti za huko zilizunguka zikiwa hazivuki nyuzi 3 hivi kaskazini au kusini ya ikweta, kwa hiyo kwa mtu wa Handeni zilikatiza anga la kaskazini katika kila mzunguko. Watu wakieleza sababu ya kuchagua pwani yetu hutaja msukumo wa ziada unaotokana na mzunguko wa Dunia. Mimi nadhani faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi kwa sayansi yenyewe. Juu ya Atlantiki ya Kusini mkanda wa chembe zenye umeme unaoizunguka Dunia hushuka chini, na kila chembe inayopenya kwenye chombo huhesabiwa kana kwamba ni eksirei. Njia ya ikweta hugusa ukingo tu wa eneo hilo. Unapotafuta ishara hafifu, usafi wa hesabu ndio kila kitu.

Timu ya Riccardo Giacconi, kwa kutumia Uhuru, iliona kwamba eksirei za makundi ya Perseus, Coma na Virgo hazitoki kwenye nukta moja bali katika eneo pana. Pengine ilikuwa gesi ya moto iliyojaa kati ya galaksi, pengine chembe za kasi kubwa zinazogongana na mwanga. Spektra za Uhuru hazikuwa na ukali wa kuamua.

Iliyoamua ni setilaiti nyingine kutoka jukwaa lile lile, na nasikitika kwamba haitajwi hata robo ya inavyotajwa Uhuru. Ariel 5, setilaiti ya Uingereza, ilirushwa tarehe 15 Oktoba 1974. Ndani yake kulikuwa na kihesabio cha eksirei ambacho kimsingi ni chemba ya gesi yenye waya wa umeme. Fotoni ikiingia hung'oa elektroni. Kadiri nishati yake ilivyo kubwa, ndivyo mpigo wa umeme unavyokuwa mkubwa. Ukiipanga mipigo kwa ukubwa wake umepata spektra. Ni spektra butu: kwenye kiloelektronivolti 6, mstari mwembamba hutawanyika hadi upana wa karibu kiloelektronivolti 1. Hata hivyo, mwaka 1976 R. J. Mitchell na wenzake wa maabara ya Mullard walionyesha kwamba spektra ya Perseus ina uvimbe karibu na kiloelektronivolti 7, mahali panapostahili chuma kilichopoteza elektroni 24 kati ya 26. Chembe za kasi zinazogonga mwanga hazitoi mstari huo. Gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi hutoa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wingi wa chuma ulivyopatikana. Katika joto hilo elementi nyepesi zimevuliwa elektroni zote na hazina mistari ya nguvu. Chuma bado kimeshikilia mbili za mwisho. Mng'ao wa jumla hutokana na elektroni kupinda karibu na viini vya hidrojeni na heli, na umbo la kushuka kwake hutoa joto. Mstari hutokana na elektroni kugonga chuma. Mng'ao na mstari vyote hukua kwa mraba wa msongamano wa gesi, kwa hiyo ukigawanya kimoja kwa kingine msongamano hutoweka, na kinachobaki ni uwiano wa chuma kwa hidrojeni. Modeli hupitishwa kwanza kwenye kasoro za chombo, ndipo ilinganishwe na mipigo. Ni mwendo ule ule wa Tinsley. Matokeo yalikuwa kati ya theluthi na nusu ya uwiano ulio kwenye Jua.

Gesi isiyowahi kuwa ndani ya nyota haina chuma. Na katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote pamoja, kwa hiyo chuma kilichotoka nje ya galaksi hakipungui kile kilichobaki ndani. Sanduku halikuwa limefungwa. Richard Larson na Harriet Dinerstein walikuwa wamekwisha kutabiri mwaka 1975 kwamba galaksi changa zingetapika gesi yenye elementi nzito. Uvimbe wa Ariel 5 uliwapa nguvu. Tangu hapo, modeli ya galaksi isiyo na upepo wa kutoa gesi nje inabaki na deni la kueleza chuma hicho kimefikaje huko.

Deni limezidi kuwa gumu. Mwaka 2013 Norbert Werner na wenzake, kwa setilaiti ya Japani iitwayo Suzaku, waliripoti kwamba kiasi cha chuma cha Perseus ni karibu kile kile, theluthi ya Jua hivi, hadi pembezoni kabisa. Usawa huo unaashiria kwamba chuma kilisambazwa kabla kundi halijakusanyika, zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita. Mwaka 2016 setilaiti ya Hitomi, iliyoishi wiki chache tu angani, ilisoma mistari ya Perseus kwa upana wa elektronivolti 5, ukali wa mara 200 kuliko kihesabio cha Ariel 5, na ikakuta kromi, manganizi na nikeli kwa uwiano na chuma unaofanana na wa Jua. Sehemu kubwa ya elementi hizo hutengenezwa na supanova za nyota kibete nyeupe, ambazo kwa kawaida huhitaji mamia ya mamilioni ya miaka, wakati mwingine mabilioni, kabla ya kulipuka. Modeli inayotaka kuafiki spektra za nyota na za gesi kwa pamoja inabidi ilipue nyingi kati ya hizo mapema mno, na kisha ipate nishati ya kukisukuma chuma chake nje ya galaksi zikiwa bado changa.