Askari Akishinda, Wakili Atashindaje?

Vijana wanne wa Itaba, hapa Burundi, waliniletea mchezo wa redio walioutunga wenyewe kwa Kirundi, daftari zima, mwandiko wa kalamu ya bluu. Habari yake ni ya mpaka wa shamba. Usiku mtu ameng'oa minyaa iliyotenganisha migomba ya ndugu wawili, akaipanda upya hatua sita ndani ya shamba la mmoja wao. Asubuhi mkuu wa kilima anapita nyumba kwa nyumba na hamhoji mtu yeyote. Anaomba tu kuona mikono, kwa sababu utomvu wa mnyaa unanata na hautoki kwa maji matupu. Anampata mhusika akiwa anajisugua kwa majivu. Nusu ya kwanza inaishia hapo, na ni nzuri kweli. Nilipoisoma nilijikuta naangalia viganja vyangu.

Nusu ya pili, wakili anatoka Gitega mjini, anamtetea mshtakiwa na kumtoa. Hapo mchezo unaanguka. Walipousoma kwa sauti mbele ya wenzao, watu walianza kunong'onezana: sasa tuwe upande wa nani? Mmoja wa vijana akaniuliza, "Mzee, kosa liko wapi? Kila nusu tukiisoma peke yake watu wanaipenda."

Nikamwambia kosa hilo lina zaidi ya miaka sitini, na waliolifanya kabla yao walikuwa na fedha, kamera na waigizaji wa daraja la juu.

Mfululizo wao uliitwa Arrest and Trial, yaani kukamatwa na kesi. Shirika la ABC la Marekani lilianza kuurusha Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, kwa picha za nyeusi na nyeupe, nao ukaishi msimu mmoja tu wa vipindi 30. Kila kipindi kilipewa dakika 90 pamoja na matangazo, karibu urefu wa filamu ya sinema, kisha kikagawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Sajenti Nick Anderson, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles, aliyeigizwa na Ben Gazzara. Ya pili ilikuwa ya wakili wa utetezi John Egan, aliyeigizwa na Chuck Connors. Huyu anakamata, yule anatetea, na anayekamatwa ndiye huyohuyo anayetetewa.

Hesabu hiyo ipigwe polepole. Wote wawili ni mashujaa na mtazamaji ameombwa awapende sawasawa. Anderson akiwa mpelelezi hodari, basi amemkamata aliyetenda. Egan naye akiwa wakili hodari, basi ama aliyetenda anaachiwa, ama inadhihirika kwamba Anderson alimfunga pingu asiye na hatia. Ushindi wa mmoja unamvua nguo mwenzake. Ukiandika kipindi kimoja cha namna hiyo utapata mvutano mtamu. Ukiandika thelathini, kila Jumapili unamwomba mtazamaji amgeuke mtu aliyemshangilia muda mfupi uliopita.

Perry Mason, wakili wa mfululizo wa CBS wa 1957 hadi 1966, alikwepa shimo hilo kwa njia rahisi: polisi walimkamata asiyehusika karibu kila mara. Luteni Tragg na mwendesha mashtaka Hamilton Burger waliwekwa pale ili wakosee, na muuaji halisi akakiri mbele ya hakimu. Tangu dakika ya kwanza mtazamaji alijua anamshika nani mkono, na hakuuachia mpaka mwisho. Mtu anaweza kulalamika kwamba mahakama hazifanyi kazi hivyo, na atakuwa na haki. Lakini ukiutazama kama useremala, mlango wake ulikuwa na bawaba.

Watunzi wa Arrest and Trial walikuwa na dhamira nzito zaidi, na ndiyo maana nawaheshimu. Badala ya kumfanya Anderson mjinga kila wiki, walibadili swali. Nusu ya kwanza iliuliza nani ametenda. Nusu ya pili mara nyingi iliuliza: alikuwa na akili timamu? Alisukumwa na nini? Anastahili adhabu ya kiasi gani? Gazzara mwenyewe alikuwa ameshapita humo, maana mwaka 1959, katika filamu ya Anatomy of a Murder, yeye ndiye alikuwa mwanajeshi mshtakiwa ambaye hakuna anayebisha kwamba ameua, na kesi nzima inategemea hali ya akili yake. Safari hii alivaa koti la askari.

Wakati nao ulikuwa umeiva. Tarehe 18 Machi 1963, miezi sita kabla ya kipindi cha kwanza, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Clarence Earl Gideon, mtu maskini wa Florida aliyeomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe na kufungwa. Mahakama ilisema mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi yake ilisikilizwa upya, safari hii akiwa na mtetezi, na mwezi Agosti mwaka huohuo akaachiwa huru. Kumweka wakili wa utetezi mbele ya kamera majira yale kulikuwa na maana kubwa kuliko burudani.

Kwa nini basi haukudumu? Jibu la haraka ni ratiba, na ratiba ina sehemu yake. Kipindi kilianza saa 2:30 usiku wa Jumapili. Kwenye CBS, kipindi cha Ed Sullivan kilikuwa kimeshaanza saa 2:00, watu wameshakaa. Saa 3:00, wapelelezi wakiwa bado kazini, NBC ilifungua Bonanza, tena kwa rangi. Yaani ABC ilimwita mtazamaji baada ya mmoja kuanza, ikamtaka abaki wakati mwingine anaanza. Katika Jumapili za msimu huohuo, tarehe 9 Februari 1964, Beatles walipanda jukwaa la Sullivan na watu wapatao milioni 73 wakawatazama. Hakuna mtunzi wa kesi anayeweza kushindana na usiku wa namna hiyo.

Mimi lakini naona ugonjwa ulikuwa ndani. Uliza ni nani yumo katika nusu zote mbili, toka mwanzo mpaka mwisho. Anderson anafifia baada ya kukamata. Egan anachelewa kuingia. Anayebaki ni mshtakiwa peke yake. Yeye ndiye anayekimbia, anayekamatwa, anayelala mahabusu, anayesimama kizimbani. Na mshtakiwa alikuwa mgeni wa wiki. Katika kipindi cha Funny Man with a Monkey alikuwa Mickey Rooney, akiigiza mchekeshaji aliyezama kwenye dawa za kulevya, na uzito wote uko mabegani mwake. Wiki inayofuata ameondoka, ameingia mwingine. Bawaba ilikuwepo, ila kila Jumapili iling'olewa na kupigiliwa mpya, huku wenye majina makubwa wakisimama pembeni, mmoja kila upande wa mlango.

Miaka ishirini na saba baadaye mtayarishaji Dick Wolf alichukua mgawanyo uleule akaujenga upya. Law & Order ilianza NBC tarehe 13 Septemba 1990, dakika 60 badala ya 90, na awamu yake ya kwanza ilidumu misimu 20. Nia mojawapo ya Wolf ilikuwa ya kibiashara: saa moja iweze kukatwa vipande viwili vya nusu saa na kuuzwa tena. Kiufundi alifanya badiliko moja lililobeba yote. Nusu ya pili alimnyang'anya wakili wa utetezi, akampa mwendesha mashtaka. Sasa askari anakamata, na mwenzake wa upande uleule anaendeleza mahakamani. Mtazamaji hageuki tena. Mtetezi ndiye amekuwa mgeni wa wiki.

Kazi safi, lakini bei yake naiona kila ninapoutazama. Jicho letu limehamia kwa serikali na kukaa huko. Mshtakiwa tunamwona kwa mbele tu, kama wanavyomwona wanaomshtaki. Egan, pamoja na udhaifu wote wa mfululizo wake, alituketisha benchi moja naye.

Kwetu Afrika Mashariki kuna njia nyingine, na haikutoka Los Angeles. Vioja Mahakamani, kipindi kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya na kuendelea KBC, kiliitupa nusu ya kwanza yote. Hakuna kumfuata askari mitaani. Pazia linafunguka mtu yuko kizimbani, hakimu Lucy Wangui anasikiliza, mwendesha mashtaka anauliza, na mshtakiwa anajieleza mwenyewe, mara nyingi bila wakili, kama ilivyo kwa watu wengi wa kesi ndogondogo. Tukio lote tunalipata kupitia mdomo wake, kwa uongo wake na ukweli wake. Watu walicheka, lakini chini ya kicheko umbo lilikuwa imara: mtu mmoja ndiye anayetubeba.

Hapa Burundi, Umubanyi Niwe Muryango wa Marie-Louise Sibazuri, ulioanza Studio Ijambo mwaka 1997 wakati vita vinaendelea, ulishika familia mbili za majirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, haukuziacha. Msikilizaji alijua kwamba hata ugomvi ukiamuliwa leo, kesho watu haohao watakutana kisimani. Ndiyo hesabu ya bashingantahe wetu pia, wazee wa upatanishi wa kilimani. Wanakaa majanini, wanasikiliza pande zote na mashahidi, fimbo ya intahe inagonga ardhi, kisha wanajitenga kushauriana na kurudi na neno moja.

Niliwaeleza vijana haya yote, wakanyamaza. Nilijua wanawaza nini, maana Itaba ina nusu yake ya pili. Tarehe 9 Septemba 2002 wanajeshi wa serikali waliua raia hapa. Hesabu zilizotolewa ni kati ya watu 173 na 267. Maofisa wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mapema mwaka 2003 mahakama hiyo haikuwatia hatiani kwa mauaji. Iliwahukumu kwa kosa dogo zaidi, miezi minne, na wakaachiwa kwa sababu walikuwa wameshakaa mahabusu kuupita muda huo. Hakuna aliyefiwa siku ile aliyekuwa na nafasi ya kubeba kesi kutoka mwanzo mpaka hukumu. Mtu wa Itaba anaposikia redioni kwamba sasa tunaingia mahakamani, anasikia na hilo. Mtunzi wa hapa hana ruhusa ya kumbadilishia shujaa katikati ya njia.

Wakaondoka na daftari lao. Walirudi baada ya wiki tatu na daftari jingine. Wakili wa Gitega ametolewa. Mkuu wa kilima bado anakagua mikono, lakini sasa anatembea na mdogo mtu, yule aliyeporwa hatua sita, na sauti tunayoifuata ni ya huyu mdogo. Kila mlango anaoubisha anaomba moyoni wasimkute ndugu yake ndani. Wanamkuta. Nusu ya pili anakaa majanini akisikiliza kaka yake akieleza kwamba ana watoto saba na kipande kisichotosha wawili, na anajua kila neno ni kweli.

Na kuna jambo waliloliongeza ambalo mimi nisingelifikiria. Mnyaa hauhitaji mizizi. Chomeka kijiti tu, mvua ikipita kimeshika. Kesi imeahirishwa mara mbili. Siku bashingantahe wanaporudi kutoka kushauriana, minyaa ya mpaka wa uongo imeshachipua. Wanatamka uamuzi: irudishwe ilipokuwa. Mdogo mtu anapewa jembe. Anasimama mbele ya vichipukizi, kaka yake anakuja kusimama kando yake, na katika daftari, kwa kalamu ya bluu, wameandika kimya cha sekunde nane kabla jembe halijaingia ardhini.