Mluzi Nyuma ya Wimbo

Fundi wa breki hushukuriwa na kila dereva anayeshuka mteremko wa Mai Mahiu akiwa na abiria. Fundi wa injini hujengewa jina mtaa mzima. Mimi namsifu mwingine, anayeitwa wakati gari linatembea vizuri, taa zinawaka na redio inaimba, ila nyuma ya wimbo kuna mluzi mwembamba unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachia. Kazi yake ni kuuondoa mluzi huo. Akimaliza, hana kifaa kipya cha kumwonyesha mwenye gari. Hata hivyo naamini kazi hii inadai akili kuliko nyingi zinazofanywa kando ya barabara zetu.

Matatu ya Nairobi ya abiria 33, ambayo mara nyingi ni Isuzu NQR, ilizaliwa lori. Juu ya fremu ya lori hilo mafundi wetu hujenga bodi ya basi, kisha hufunga redio, skrini, amplifaya, spika za besi chini ya viti, na taa za rangi dari nzima. Mtu atauliza: muziki ukiwa juu namna ile, nani atausikia mluzi? Abiria wa alfajiri anayetaka taarifa ya habari kwa sauti ya chini atausikia. Dereva atausikia kuliko wote, kwa maana anashinda nao hadi usiku, na sauti nyembamba isiyokatika humchosha mtu bila yeye kujua kinachomchosha.

Fundi anayeijua kazi hii hashiki spana kwanza. Anaingia garini, anapunguza sauti hadi mwisho, na kuanza kuamuru. "Dere, zima injini, acha swichi." Anasikiliza. "Washa." Anasikiliza tena. "Kanyaga kidogo. Achia. Sasa taa. Sasa waipa." Kwa dakika chache hizo ameshachuja mengi. Mluzi unaofuata mwendo wa injini humpeleka kwenye altaneta. Mlio wa tik-tik unaoongezeka kasi pamoja na injini ni cheche za plagi, na huo atausikia kwenye HiAce ya petroli. Isuzu ya dizeli haina plagi za kurusha cheche. Mvumo usiobadilika hata ukikanyaga unaweza kuwa pampu ya mafuta. Mkwaruzo unaokuja na taa za rangi unatoka kwenye vidhibiti vya taa hizo, vinavyokata na kurudisha umeme mara mamia kwa sekunde. Na kama mluzi haupungui sauti ya redio ikiteremshwa hadi mwisho, basi unaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani njiani kwenda kwenye amplifaya au ndani ya amplifaya yenyewe. Kitufe kimoja kimemwondolea nusu ya gari.

Mluzi wa altaneta ndio mfalme wa kelele hizi. Altaneta huzalisha umeme wa mawimbi matatu, na dayodi sita huugeuza uwe wa upande mmoja ili uingie kwenye betri. Kugeuzwa huko hakuachi umeme tambarare; hubaki vilima vidogo. Altaneta yenye ncha 12 za sumaku hutoa vilima 36 kila inapozunguka mara moja. Injini ikipumzika kwenye mizunguko 800 kwa dakika, mkanda unaweza kuizungusha altaneta mara 2,000, na hapo vilima vinafika 1,200 kwa sekunde: sauti ambayo sikio la binadamu huinasa kwa wepesi mno. Betri nzima hulainisha vilima hivyo. Dayodi moja ikiungua, vinakuwa mabonde, na fundi ataviona akiweka mita yake kwenye volti za AC juu ya vichwa vya betri. Katika gari la volti 12, akisoma chini ya sehemu moja ya kumi ya volti hana shaka na altaneta. Akisoma nusu volti, amempata mkosaji.

Lakini mara nyingi altaneta ni nzima, na hapa ndipo fundi wa kweli anapojitenga na mbahatishaji. Kila mtu huona waya mwekundu unaopeleka umeme kwenye amplifaya. Wachache hufikiria njia ya kurudi. Katika gari, njia ya kurudi ni bodi yenyewe: bati, fremu, bolti, na chochote kilichokaa kati yake, ikiwemo rangi, kutu na lami ya kuzuia kutu. Tuseme amplifaya inakula ampea 20, na kwenye bolti yake ya hasi kuna ukinzani wa ohm 0.005, ambao jicho halitauona kamwe. Hapo panazuka sehemu ya kumi ya volti kati ya amplifaya na redio iliyofungiwa hasi yake mbele. Tofauti hiyo hutafuta njia nyingine ya kupita, na njia iliyo wazi ni ganda la nje la waya wa RCA unaobeba muziki. Vilima vya altaneta vinapanda humo pamoja na wimbo, na amplifaya, ambayo haijui kubagua, inavikuza vyote.

Namna anavyothibitisha hilo ndiyo ninayoipenda zaidi. Anachomoa RCA kwenye amplifaya na kuchomeka plagi alizozifunga mwenyewe, ncha ya ndani ikiunganishwa na ganda. Mluzi ukitoweka, amplifaya yenyewe haina hatia; mluzi unaingia kupitia RCA. Kisha anaunganisha simu inayotumia betri yake yenyewe, isiyogusa gari popote. Wimbo ukitoka safi, macho yake yanahamia kwenye redio, na kwenye hasi yake na ya amplifaya. Katika baadhi ya redio kuna fyuzi ndogo mno ndani, kwenye ganda la RCA, inayoungua kimya mtu akifunga waya huku umeme umewaka. Anayeijua huishuku mapema. Tiba yenyewe huwa ya kawaida: kukwangua rangi kwa msasa hadi bati ling'ae, waya mnene na mfupi, bolti iliyokazwa, na waya wa RCA kuhamishiwa upande usiopita waya wa umeme.

Vita hivi ni vya zamani kama redio ya gari yenyewe. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Marekani alipoingiza sokoni redio ya gari aliyoiita Motorola, watu wake akiwemo kijana Elmer Wavering walikuwa wamehangaika kwanza na kelele za cheche za injini. Galvin aliendesha gari hadi Atlantic City, palipokuwa na mkutano wa watengenezaji redio, akaiwasha redio hiyo nje ili watu waisikie.

Sipendi desturi iliyoenea ya kuuza kichujio kabla ya kusikiliza. Vichujio vina mahali pake, lakini kile cha bei nafuu kinachowekwa kwenye RCA kina transfoma ndogo ambayo hula besi pamoja na mluzi, na matatu bila besi imepoteza wateja wake. Kibaya zaidi ni kuchota volti 12 za redio kutoka betri moja kati ya mbili za gari la volti 24. Redio itaimba, ila betri ile itakuwa na njaa daima huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, hadi zote zife kabla ya wakati. Kibadilishaji kizuri cha volti, kilichofungwa mbali na redio na antena, kinagharimu zaidi leo na kuokoa betri mbili.

Wapo wenye magari wanaolalamika kulipia ukwanguaji wa rangi. Walipe. Mkono ulikwangua kwa dakika tano, lakini kuijua bolti ipi kati ya mamia ni kazi ya miaka, na haifundishwi vya kutosha popote isipokuwa karibu na fundi mwenyewe. Mwanafunzi anayekaa kwa fundi wa aina hii haruhusiwi kufungua kitu hadi ataje kelele inatoka wapi na kwa nini. Anayesema altaneta hupewa mita athibitishe. Anayesema plagi hutumwa kwanza kuangalia gari linatumia mafuta gani.